Blogu yangu inajuaje kwamba blogu nyingine imeniwekea kiungo?

Binti wa Isyesye, Mbeya

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaandika blogu inayohusu kilimo cha viazi mviringo katika maeneo ya Isyesye, Uyole na Kawetire, na blogu hiyo inaendeshwa na programu ya WordPress niliyoiweka mwenyewe kwenye seva ya kupanga. Mwezi uliopita nilichapisha makala kuhusu mnyauko wa bakteria, nikaeleza namna mkulima anavyoweza kuupima ugonjwa huo bila maabara: anakata kipande cha shina karibu na udongo, anakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, na baada ya dakika chache, kama shina lina bakteria, anaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka polepole kuelekea chini.

Wiki iliyopita, nikiwa soko la Mwanjelwa, mama mmoja anayeuza mbegu aliniambia kwamba aliisoma makala ile baada ya kuikuta kwenye blogu ya mwandishi wa Iringa. Nilipofika nyumbani niliitafuta blogu hiyo, nikaona ni kweli: mwandishi amenitaja kwa heshima, ameweka kiungo cha kuja kwangu, na chini yake wasomaji wameuliza maswali ambayo ningeyajibu siku ile ile kama ningejua yapo. Mmoja wao alikuwa ameshauriwa na mwenzake apande nyanya kwenye shamba lililotolewa viazi vilivyonyauka, na ushauri huo ulikaa pale wiki tatu bila mtu kuupinga, ilhali nyanya hushambuliwa na bakteria yule yule. Jambo hilo limeniuma sana, na ndiyo sababu ninaandika.

Ninaomba kueleweshwa. Mwaka jana blogu moja ya Njombe iliponitaja, taarifa iliingia yenyewe kwenye orodha yangu ya maoni, ikiwa na kipande cha maneno kilichotanguliwa na kufuatiwa na nukta tatu ndani ya mabano ya mraba. Kwa nini hii ya Iringa haikuleta chochote? Kwa nini kila ninapoweka kiungo cha makala yangu ya zamani ndani ya makala mpya ninapokea taarifa kutoka kwangu mwenyewe? Na kuna usiku mmoja ziliingia taarifa zaidi ya 40 kutoka tovuti za dawa na za kamari ambazo hazina uhusiano wowote na viazi, nikaogopa, nikazifuta zote kwa pamoja, na mpaka leo sijui kama katikati yake hapakuwa na moja ya kweli.

Fundi wa Iyunga

Dada, pole kwa hilo la nyanya, na asante kwa kuuliza kwa utaratibu, maana maswali yako yote yana mzizi mmoja.

Wavuti wenyewe hauna kengele. Mtu akiandika kiungo cha kuelekea kwako, kilichobadilika ni ukurasa wake tu. Seva yako haijaguswa, na haitajua lolote mpaka msomaji wa kwanza akibofye kiungo hicho. Hapo kivinjari chake hugonga mlango wako na kwa kawaida hutaja alikotoka, na maneno hayo huandikwa katika kumbukumbu za seva. Njia hiyo ilikuwa ikiwatosha wengi zamani, lakini ina udhaifu mkubwa: pasipo mbofyaji hakuna taarifa, na siku hizi vivinjari vingi hutaja jina la tovuti tu bila kutaja ukurasa wenyewe, hivyo ungejua kwamba mtu ametoka Iringa bila kujua ametokea makala ipi.

Kwa hiyo watu waliamua kwamba anayeweka kiungo ndiye apige hodi. Mwaka 2002 Ben na Mena Trott wa kampuni ya Six Apart walitoa trakibeki (trackback), ikaingizwa katika programu yao ya blogu iitwayo Movable Type. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi mno: blogu inayotaja hutuma kwa blogu iliyotajwa ujumbe mfupi wa HTTP (lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza) wenye anwani ya makala, kichwa chake, jina la blogu na dondoo, na blogu iliyotajwa hujibu kwa kipande cha XML (maandishi yaliyopangwa ili mashine iyasome) chenye sifuri kama imepokea au moja kama kuna hitilafu. Basi, imekwisha. Utaona mara moja kilichokosekana hapo. Hakuna mahali popote ambapo mpokeaji anatakiwa kwenda kuangalia kama huyo anayedai kumtaja amemtaja kweli. Ni sawa na mtu kukupigia simu kutoka Tukuyu akikuambia kwamba ameweka bango lenye jina lako barabarani, nawe ukamlipa bila kwenda kulitazama.

Wauza kamari na dawa waliligundua pengo hilo mapema, wakaandika programu za kutuma trakibeki kwa maelfu ya blogu kwa usiku mmoja, kwa kuwa kila iliyopokelewa ilizaa kiungo cha bure cha kuelekea kwao. Zile 40 zako, kwa jinsi ulivyozieleza, nyingi bila shaka zilikuwa trakibeki, maana WordPress bado inazipokea, tena bila kuzihakiki. Siku nyingine usizifute kwa pamoja. Tazama kwanza aina ya kila moja, kwa sababu trakibeki na pingibeki hutajwa tofauti.

Pingibeki ndiyo ile uliyoipata kutoka Njombe. Nayo ilizaliwa mwaka 2002, na maelezo yake ya kiufundi yaliandikwa na Stuart Langridge na Ian Hickson. Mwandishi wa Njombe alipobonyeza kitufe cha kuchapisha, blogu yake ilipitia viungo vyote vilivyomo ndani ya makala, ikaenda kwenye kila ukurasa uliotajwa na kuuliza kama ukurasa huo unapokea pingibeki. Ukurasa wako ulijibu kwa mstari mmoja katika kichwa cha jibu (maelezo yanayotangulia ukurasa wenyewe), X-Pingback, ukifuatiwa na anwani ya faili lako la xmlrpc.php, ambalo WordPress hupokelea ujumbe wa mashine nyingine. Blogu ya Njombe ikatuma huko vitu viwili tu, yaani anwani ya makala yake na anwani ya makala yako. Haikutuma kichwa wala dondoo. Seva yako ikaenda yenyewe Njombe, ikaufungua ukurasa uliotajwa, ikakitafuta kiungo cha kuja kwako, na ilipokiona ikachukua maneno yaliyokizunguka. Zile nukta tatu ndani ya mabano ya mraba ni alama kwamba maneno hayo yamekatwa kutoka katikati ya habari ndefu, na aliyeyakata ni seva yako, si mwandishi wa Njombe. Kama isingekiona kiungo, ingeikataa taarifa hiyo, hali ambayo maelezo ya pingibeki huiita kosa namba 17, yaani chanzo (makala ya Njombe) hakina kiungo cha kuelekea kwenye lengo (makala yako). Na kama taarifa hiyo ingekuwa imekwisha kuandikwa kabla, ingerudisha namba 48.

Hilo la kujipokea mwenyewe lina maelezo mafupi. WordPress haitofautishi kiungo cha kwenda kwako na kiungo cha kwenda kwa jirani, mradi umeandika anwani kamili. Andika viungo vya ndani kuanzia kwenye mkwaju (/), bila jina la tovuti, na taarifa hizo zitakoma.

Kuhusu Iringa, nina swali: blogu hiyo imejengwa kwa programu gani?

Binti wa Isyesye, Mbeya

Asante sana kaka. Anwani yake inaishia na blogspot.com.

Fundi wa Iyunga

Basi jibu ndilo hilo. Huduma ya Blogger, ambayo ndiyo mwenye anwani za blogspot, haikujengewa pingibeki wala trakibeki. Mwandishi wa Iringa hakufanya kosa lolote, na wewe hukukosea mahali. Blogu yake haina mdomo wa kukuambia. Vivyo hivyo mtu akikutaja kwenye kikundi cha WhatsApp au kwenye Facebook, hakuna hodi itakayopigwa, na kwa kuwa wakulima wengi wa huku husambaziana makala kwa WhatsApp, sehemu kubwa ya kutajwa kwako hutaijua kamwe kwa njia hizi.

Niongeze jambo moja ambalo huwachanganya watu wenye blogu ndogo. Katika WordPress kazi ya kutuma pingibeki haifanyiki pale pale unapochapisha. Huwekwa kwenye foleni, na foleni hiyo husukumwa mtu anapofungua ukurasa wowote wa blogu. Blogu ambayo haijatembelewa na mtu tangu saa nne usiku inaweza kukaa na hodi zake mpaka asubuhi. Nimewahi kumsaidia mteja aliyekuwa na uhakika kwamba pingibeki zake zimekufa, kumbe zilikuwa zikimsubiri msomaji wa kwanza.

Mzee wa Gangilonga, Iringa

Kamwene nyote. Fundi ameeleza vizuri, lakini binti yangu, kabla hujaiamini sana pingibeki naomba usikie yaliyonikuta mimi, kwa sababu nilipoteza siku nne na heshima kidogo.

Nilikuwa na blogu ya historia ya Kalenga na maeneo yanayoizunguka, yenye makala kama 60, na nilikuwa nimeacha pingibeki zikiwa wazi kwa furaha ileile uliyo nayo wewe. Asubuhi moja blogu haikufunguka. Kampuni iliyokuwa ikinipangishia nafasi ilinitumia ujumbe wa mistari miwili kwamba tovuti yangu inashambulia tovuti za watu wengine na kwamba imefungwa. Niliwapigia simu nikaambiwa nisubiri. Niliwaandikia nikaelezwa kwamba nimekiuka masharti. Hakuna aliyenieleza nimefanya nini. Mimi ni mstaafu niliyekuwa nikiandika habari za ngome ya Mkwawa, nami nilijiona kama mwizi.

Siku ya pili kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifungulia kumbukumbu za seva, tukakaa nazo mezani. Ukurasa hadi ukurasa zilikuwa na mstari uleule, POST /xmlrpc.php, POST /xmlrpc.php, mara nyingine mistari kadhaa katika sekunde moja, na yote imejibiwa kwa namba 200, maana yake seva yangu ilikuwa ikimpokea kila mmoja. Akanieleza, nami nitawaelezeni kama nilivyoelewa.

Fundi amesema kwamba pingibeki huja na anwani mbili, ya chanzo na ya lengo, na kwamba mpokeaji huenda mwenyewe kwenye chanzo kuhakiki. Uzuri huo ndio mlango alioingilia mwovu. Anachukua orodha ya maelfu ya blogu zilizo wazi, na kila moja anaitumia pingibeki ya uongo ambayo lengo lake ni makala halisi ya blogu hiyo, lakini chanzo chake ni anwani ya tovuti anayotaka kuiangusha. Kila blogu, kwa uaminifu wake wote, inatoka kwenda kuhakiki. Zote zinafika kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja. Tena mwovu huongeza alama ya kuuliza na tarakimu za kubahatisha mwishoni mwa anwani, ili seva inayoshambuliwa isiweze kutoa nakala iliyoihifadhi na ilazimike kuuandaa ukurasa upya kila mara. Yeye mwenyewe haonekani. Wanaoonekana ni sisi.

Mimi sikuwa peke yangu, na hili liko wazi kwa umma. Mwezi Machi 2014 kampuni ya usalama ya Sucuri ilitangaza shambulio moja la namna hiyo lililotumia zaidi ya tovuti 162,000 za WordPress, ambazo wenyewe hawakuwa na habari. Kabla ya hapo, toleo la 3.5.1 la mwezi Januari 2013 lilikuwa limeziba tundu jingine, ambapo pingibeki ilitumiwa kuituma seva ichungulie milango ya mashine zilizo ndani ya mtandao wake. Na tangu Aprili 2014 WordPress inapotoka kwenda kuhakiki hutaja pia anwani ya yule aliyeituma, ili mwathirika aweze kumfuatilia.

Baada ya siku nne nilifunguliwa, kwa sharti la kuifuta xmlrpc.php. Niliifuta, na siku hiyo hiyo programu ya simu niliyoizoea kuandikia ikaacha kufanya kazi, kwa sababu nayo hupitia faili hilo hilo. Na WordPress ilipojisasisha ililirudisha faili bila kuniuliza. Kwa hiyo usilifute. Zima pingibeki kwenye ukurasa wa mipangilio ya majadiliano, kisha ukumbuke kwamba kuzima pale kunahusu makala zitakazokuja tu. Makala za zamani lazima uzichague zote kwenye orodha yake, uzihariri kwa mkupuo, na uzifungie kupokea taarifa. Mimi sikulijua hilo, nikazifunga mpya na kuziacha 60 za zamani zikiwa wazi. Makala ikiwa imefungwa, WordPress huikataa pingibeki kabla haijatoka kwenda popote, na hapo mwovu hana cha kukutumia.

Mkulima wa Mufindi

Nimesoma maelezo ya mzee na ninaona jibu ni moja tu, nalo ni kufunga kila kitu. Dada ana namba ya simu kwenye blogu yake, anayemtaja ampigie.

Fundi wa Iyunga

Ndugu yangu wa Mufindi, sikubaliani nawe, na ninasema hivyo kwa heshima. Mwandishi wa Iringa alikuwa na namba hiyo na hakupiga, si kwa ubaya bali kwa sababu hakuna anayepiga simu kila anapoweka kiungo. Aliyeumia hapo ni yule mkulima wa nyanya. Blogu zetu ni chache na zimetawanyika kuanzia Kyela hadi Kilolo, na tukiziziba masikio zote, tutabaki kutegemea kampuni kubwa za ng'ambo zituambie nani amesema nini juu yetu, zikipenda.

Nakubali kwamba mzee alionewa. Lakini kilichomponza ni kwamba seva yake ilitoka mbio kila ilipoitwa, bila kikomo na bila kupumzika, na hilo linarekebishika. Weka kikomo cha maombi kwenye xmlrpc.php kwa kila anwani inayopiga hodi, kazi ambayo karibu kila seva inaiweza kwa mistari michache. Zuia trakibeki kabisa, yaani faili la wp-trackback.php pamoja na anwani zote za makala zinazoishia na neno trackback, kwa kuwa swichi ya WordPress huzifunga trakibeki na pingibeki kwa pamoja na haikupi nafasi ya kuchagua. Zaidi ya yote, washa sharti la kwamba hakuna taarifa inayoonekana kwa wasomaji mpaka wewe uikubali kwa mkono wako. Uhakiki wa mashine unathibitisha kwamba kiungo kipo. Hauwezi kukuambia kama kiliwekwa na mkulima au na tapeli aliyekiweka kwa dakika tano kisha akakiondoa.

Mwalimu wa Makambako

Habari zenu wote, na shikamoo mzee wa Gangilonga. Mazungumzo yenu yameishia mahali ambapo mimi nilianzia, kwa hiyo naomba nafasi.

Tovuti yangu ni kurasa tupu za HTML ambazo ninaziandaa kwenye kompyuta na kuzipakia. Haina hifadhidata, wala haina xmlrpc.php. Kwa miaka kadhaa nilidhani kwamba tovuti ya namna hiyo haiwezi kupokea hodi. Kisha nikasoma kuhusu webimensheni, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha kuwa pendekezo rasmi tarehe 12 Januari 2017, mhariri wake akiwa Aaron Parecki. Kwa ufupi, webimensheni imechukua wepesi wa trakibeki na uhakiki wa pingibeki, ikauacha njiani mzigo wa XML-RPC, yaani ule utaratibu mzito wa ujumbe unaopitia xmlrpc.php.

Ujumbe wake wote unaweza kuusoma kwa macho. Kama blogu ya Iringa ingeitumia, ingeiletea seva yako mstari kama huu:

source=https://blogu-ya-iringa.example/viazi&target=https://blogu-ya-mbeya.example/mnyauko

Hakuna kingine. Anayetuma hujuaje pa kuupeleka? Huufungua ukurasa wako na kutafuta kiungo chenye alama ya rel="webmention", ama katika vichwa vya jibu la HTTP ama ndani ya HTML yenyewe, na anwani iliyowekwa hapo ndiyo sanduku lako la barua. Uzuri ni kwamba sanduku hilo si lazima liwe kwenye seva yako. Mimi nimeweka mstari mmoja unaoelekea kwenye huduma ya webmention.io, ambayo Parecki mwenyewe ndiye aliyeitengeneza. Inanipokelea na kunihakikia, nami nikiandaa kurasa zangu upya ninazichota zilizofika.

Mzee, kuhusu maumivu yako, waandishi wa pendekezo lile waliyaona. Mpokeaji anaruhusiwa kujibu kwa namba 202, yaani nimepokea na nitashughulika baadaye, kisha kuhakiki kwa zamu yake badala ya kutoka mbio papo hapo. Wanamshauri pia aweke kikomo cha muda na cha ukubwa wa ukurasa anaouchota, na mtumaji naye asipeleke ujumbe kwenye sanduku linaloielekeza seva yake kwake yenyewe. Hayo hayaliondoi tatizo lote, kwa sababu mpokeaji bado lazima aende kutazama chanzo, na anayekwenda kutazama anaweza kutumwa. Lakini foleni inayotembea polepole haifai kuwa silaha ya mtu.

Kuna jambo moja ambalo pingibeki haina, nalo kwa mwandishi wa kilimo lina uzito. Mtu akirekebisha makala yake anaweza kukutumia webimensheni upya yenye anwani zilezile, na mpokeaji anatakiwa kuichukulia kama marekebisho. Akiifuta makala, seva yake ikijibu kwa namba 410, yaani ukurasa huu umeondolewa, basi nukuu iliyokaa chini ya makala yako nayo inapaswa kuondoka. Pingibeki hupiga hodi mara moja tu, na maneno iliyoyakata siku ile hubaki kwako hata kama mwenyewe alikwisha kuyasahihisha.

Tahadhari moja: anwani ya lengo lazima ionekane ndani ya chanzo herufi kwa herufi. Wanaopenda kufupisha anwani kwa huduma za kufupishia hukataliwa, nao hubaki wakilalamika kwamba mfumo haufanyi kazi.

WordPress haina webimensheni ndani yake, lakini ipo programu-jalizi ya kuiongezea. Na hapa ndipo penye faida kwako, dada: kwa kuwa ujumbe ni anwani mbili tu, unaweza kuweka chini ya makala zako kisanduku kidogo ambacho yeyote aliyekutaja, hata akiwa Blogspot, anabandika anwani ya makala yake na kubonyeza. Mwandishi wa Iringa hahitaji kubadili programu yake.

Mkulima wa Mufindi

Nimeelewa, mwalimu. Hilo la kisanduku sikulijua, na ninaondoa neno langu la kufunga kila kitu.

Binti wa Isyesye, Mbeya

Ninawashukuru wote, ndaga fijo. Nimekaa na jambo hili siku sita na ninaona ni haki nirudi kueleza.

Nilianza na ushauri wa mzee. Nilizihariri makala 47 za zamani kwa mkupuo nikazifungia kupokea, nikaziacha wazi makala tano tu zinazosomwa zaidi, na taarifa zote sasa zinasubiri kibali changu. Trakibeki nimezizuia kwenye seva kwa msaada wa Fundi, na tangu siku hiyo haijaingia hata moja ya kamari. Viungo vya ndani ninaviandika kuanzia kwenye mkwaju, na ile hali ya kujiandikia mwenyewe imekwisha.

Kisha niliongeza programu-jalizi ya webimensheni na kisanduku alichosema mwalimu. Nilimwandikia mwandishi wa Iringa kupitia maoni ya blogu yake, nikamweleza kuhusu nyanya na kumwomba ajaribu. Alibandika anwani yake jana saa tatu usiku, na jaribio la kwanza lilikataliwa. Tulitafuta sababu pamoja kwa simu karibu nusu saa. Ilikuwa ni tahadhari ileile ya mwalimu kwa sura nyingine: kiungo chake kilianza na http bila herufi s, kwa sababu alikinakili kwenye ujumbe wa zamani kabla sijahamia kwenye anwani salama, huku kisanduku changu kikitafuta https. Aliongeza herufi hiyo moja, akachapisha upya, akabonyeza tena, na taarifa ikaingia kwenye foleni yangu ikiwa na jina lake na sentensi yake. Nikaikubali.

Leo asubuhi ameongeza aya kwenye makala yake akieleza kwamba shamba lililopata mnyauko lisipandwe nyanya, pilipili wala biringanya, bali mahindi au nafaka nyingine, akatuma tena. Nilipofungua makala yangu kabla ya kwenda shambani, nukuu yake ilikuwa imekwisha kubadilika.

Mzee wa Gangilonga, Iringa

Binti yangu, yule mwandishi ninamfahamu, tunakaa mitaa jirani. Nitamwomba Jumamosi anionyeshe hicho kisanduku, na makala zangu za Kalenga nitazifungua mojamoja.